Mwongozo Kamili wa Kujaza Tarehe kwa Haraka kwenye Excel na Google Sheets

Wafanyabiashara wengi wa Mwanza wameshahama kutoka kwenye daftari la karatasi. Anayenunua dagaa Mwaloni Kirumba anaandika magunia yake kwenye kompyuta, mwenye bodaboda anaandika hesabu ya kila siku, na katibu wa kikoba anaandika hisa na marejesho. Hata hivyo, ukifungua mafaili yao utakuta safu ya tarehe imejazwa kwa mkono, siku baada ya siku, kuanzia Januari mpaka mtu alipochoka.

Uchovu unavumilika, makosa ndiyo yanayoumiza. Tarehe 12 Machi inaandikwa mara mbili, tarehe 17 inarukwa, Februari inapewa siku ya 29 katika mwaka ambao ina siku 28 tu. Makosa hayo hayapigi kelele siku yanapoingia. Yanaibuka mwisho wa mwezi, jumla ya mauzo inapokataa kulingana na pesa iliyopo, na watu wawili waliokuwa wanaaminiana wanaanza kutazamana vibaya. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kwenye shiti nzima andika tarehe moja tu kwa mkono, na nyingine zote zizaliwe na hiyo moja.

Maelezo haya yanafuata Excel na Google Sheets. Anayetumia LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, atakuta fomula karibu zote ni zile zile. Mifano yangu ni ya mwaka 2026.

Kabla ya yote: je, kompyuta inaielewa tarehe yako?

Naomba usiiruke sehemu hii, maana nusu ya malalamiko kuhusu tarehe yanaanzia hapa.

Lahajedwali, yaani programu kama Excel, haihifadhi tarehe kama maneno. Inahifadhi namba inayohesabu siku, kisha inaionyesha namba hiyo kwa sura ya tarehe. Kwa mfano, 1 Januari 2026 ni namba 46023, na 2 Januari ni 46024. Ndiyo maana unaweza kujumlisha 1 kwenye tarehe ukapata kesho, au kutoa tarehe moja kwenye nyingine ukapata idadi ya siku zilizopita. Siku ukiona 46053 mahali ulipotegemea 31 Januari, usishtuke. Hakuna kilichoharibika, seli inahitaji tu kubadilishiwa muonekano iwe ya tarehe.

Sasa fanya jaribio. Andika 13/1/2026 kwenye seli tupu, kisha bonyeza Enter. Ikikaa upande wa kulia wa seli, kompyuta imeitambua kuwa tarehe. Ikibaki kushoto, imeichukulia kuwa maandishi ya kawaida, na sababu kubwa ni kwamba kompyuta imewekwa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Mpangilio huo haujui mwezi wa kumi na tatu, ndiyo maana kompyuta imekataa.

Hatari zaidi ni tarehe ambazo haikatai. Kwenye kompyuta hiyo hiyo ukiandika 5/1/2026 ukimaanisha tano Januari, itapokelewa kimya kimya kama 1 Mei. Siku kumi na mbili za mwanzo za kila mwezi ziko kwenye hatari hiyo, na huwezi kuona kitu mpaka upange orodha kwa tarehe.

Kwenye Windows ingia Settings, halafu Time & language, halafu Region (Windows 11 inaiita Language & region), na kwenye Regional format chagua English (United Kingdom), kwa sababu Waingereza wanaanza na siku kama sisi. Kwenye Google Sheets fungua File, kisha Settings, na kwenye Locale chagua United Kingdom. Mabadiliko haya yanasaidia tarehe utakazoandika kuanzia hapo. Zile zilizokwisha kuingia vibaya zitabaki na thamani ile ile mbovu, kwa hiyo zipitie upya.

Kama unatumia kompyuta isiyo yako, tuseme ya stationery au ya ofisini, na huna ruhusa ya kugusa mipangilio, andika mwaka kwanza: 2026-01-13. Mpangilio huo unasomwa sawasawa, iwe kompyuta ya Kimarekani au ya Kiingereza.

Jambo dogo jingine: ukiona alama za ##### kwenye safu, tarehe ipo salama. Safu ni nyembamba tu. Bofya mara mbili kwenye mpaka wa kichwa cha safu nayo itapanuka.

Njia ya kuvuta

Hii ndiyo njia ya kwanza kujifunza, na kwa kazi nyingi za kila siku inatosha.

Andika tarehe ya kuanzia kwenye A2, mathalani 1/1/2026. Acha A1 kwa ajili ya kichwa cha safu. Bofya A2, kisha tazama kona ya chini upande wa kulia wa seli hiyo, kuna kimraba kidogo. Peleka mausi juu yake mpaka mshale ugeuke kuwa alama ya kujumlisha, bana kitufe cha kushoto, vuta kwenda chini, achia. Siku zinafuatana zenyewe, na kompyuta inajua Aprili inaishia 30 na Februari ya 2026 inaishia 28.

Kama safu ya jirani tayari ina data, huna haja hata ya kuvuta. Tuseme B2 mpaka B90 umeshaingiza kilo za dagaa lakini hukuweka tarehe. Bofya mara mbili kwenye kile kimraba, na tarehe zitashuka mpaka pale data ya jirani inapoishia.

Mwendo ukiwa si wa siku moja moja, unaifundisha kompyuta kwa tarehe mbili. Kikoba kinachokutana kila Jumamosi kiandike 3/1/2026 kwenye A2 na 10/1/2026 kwenye A3. Chagua seli zote mbili kwa pamoja, ndipo uvute. Utapata 17, 24, 31 na kuendelea. Kwa kila mwezi, andika 15/1/2026 na 15/2/2026, chagua zote mbili, vuta, na utapata tarehe 15 ya kila mwezi. Watu wengi wanakosea hapa kwa kuchagua seli ya pili peke yake. Kompyuta ikiona tarehe moja tu, inarudi kwenye mwendo wa siku moja moja.

Excel ina njia moja nzuri ambayo haitumiwi sana. Badala ya kuvuta kwa kitufe cha kushoto, vuta kile kimraba kwa kitufe cha kulia cha mausi. Ukiachia, menyu inatokea na kukupa uchague: Fill Days kwa kila siku, Fill Weekdays kwa Jumatatu hadi Ijumaa, Fill Months kwa kila mwezi, Fill Years kwa kila mwaka. Mwalimu anayetengeneza rejista ya mahudhurio atamaliza muhula mzima kwa Fill Weekdays. Na ukitaka tarehe ile ile ijirudie bila kubadilika, labda kwa sababu siku moja ina wateja ishirini, shikilia Ctrl wakati unavuta.

Mwaka mzima bila kuvuta

Kuvuta mistari 365 kunasumbua. Skrini inakimbia, unapitiliza, unarudi, unapitiliza tena.

Kwenye Excel, andika tarehe ya kwanza kwenye A2 na ubaki hapo hapo. Nenda Home, kisha Fill, kisha Series. Kwenye kisanduku kinachofunguka chagua Columns ili zishuke chini, chagua Date, chagua Day, weka 1 kwenye Step value, na kwenye Stop value andika 31/12/2026. Bonyeza OK. Mwaka umejaa. Ukitaka kila wiki mbili, Step value iwe 14. Kwenye LibreOffice kisanduku kama hicho kipo kwenye Sheet, Fill Cells, Fill Series.

Njia nyingine inafanya kazi Excel na Google Sheets pia, nami naipenda zaidi kwa sababu inaandaa fomula. Juu kushoto mwa shiti kuna kisanduku kidogo kinachoonyesha jina la seli uliyopo. Bofya humo, andika A3:A366, bonyeza Enter, na seli hizo zote zitachaguliwa. Bila kubofya popote pengine andika =A2+1, kisha bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja. Fomula inaingia kwenye seli zote kwa mpigo mmoja. Google Sheets ikikataa, bonyeza Enter, chagua tena A3:A366, kisha bonyeza Ctrl na D.

Hakikisha kazi yako kabla ya kuendelea. A366 inapaswa kuonyesha 31/12/2026. Kwenye seli ya pembeni andika =COUNT(A2:A366), jibu liwe 365. Likitoka dogo kuliko hapo, kuna tarehe imeingia kama maandishi, kwa sababu COUNT haihesabu maandishi.

Fomula zinazotoka kwenye tarehe moja

Faida ya =A2+1 ni kwamba ukibadilisha A2 kuwa 1/1/2027, safu nzima inahamia mwaka 2027. Shiti ya mwaka huu inakuwa shiti ya mwakani kwa sekunde moja. Kwa wiki andika =A2+7.

Wenye Microsoft 365, Excel 2021 au Google Sheets wana fomula fupi zaidi, SEQUENCE. Weka tarehe ya kuanzia kwenye E1, kisha kwenye A2 andika:

=SEQUENCE(365,1,E1,1)

Maana yake: nipe mistari 365, safu moja, anzia na tarehe ya E1, ongeza 1 kila hatua. Kwa Jumamosi 52 za kikoba ni =SEQUENCE(52,1,E1,7). Namba zikitoka kama 46023, badilisha muonekano wa safu uwe wa tarehe. Seli za chini lazima ziwe tupu. Kama kuna kitu, hata nafasi moja iliyobonyezwa kwa bahati mbaya, Excel itakuonyesha #SPILL! na Google Sheets itakuonyesha #REF!. Mwaka 2028 utakuwa na siku 366, kwa hiyo usisahau kubadilisha namba hiyo.

Mifano yote hapa inatenganisha sehemu za fomula kwa mkato. Kama kompyuta yako inakataa, jaribu nukta mkato, maana baadhi ya mipangilio ya nchi inadai hiyo.

Siku za kazi, Jumapili na sikukuu

Hapa ndipo shiti nyingi zinapotofautiana na maisha yenyewe. Ofisi inafunga Jumamosi na Jumapili. Duka la mjini linafunga Jumapili tu. Dereva wa bodaboda anapeleka hesabu siku sita na ya saba anapumzika. Ukiweka siku zote saba kwenye shiti, utabaki na mistari yenye sifuri ambayo inapotosha wastani wa mapato yako.

Kwa ofisi ya siku tano tumia =WORKDAY(A2,1). Kwa anayefunga Jumapili peke yake, tumia ndugu yake:

=WORKDAY.INTL(A2,1,11)

Ile 11 inamaanisha mapumziko ni Jumapili tu. Anayefunga Jumamosi tu, kama Wasabato, aandike 17.

Kisha sikukuu. Fungua shiti ya pili, iite Sikukuu, na kwenye safu A kuanzia A2 andika sikukuu za kitaifa unazofunga. Zenye tarehe zisizobadilika ni 1 Januari, 12 Januari ya Mapinduzi, 7 Aprili ya Karume, 26 Aprili ya Muungano, 1 Mei, 7 Julai ya Sabasaba, 8 Agosti ya Nane Nane, 14 Oktoba ya Nyerere, 9 Desemba ya Uhuru, 25 na 26 Desemba. Kwa 2026 ongeza Ijumaa Kuu tarehe 3 Aprili, Pasaka tarehe 5 na Jumatatu ya Pasaka tarehe 6. Idi zinategemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo acha nafasi na uzijaze zikitangazwa. Halafu rudi kwenye shiti ya kwanza, na kwenye A3 uandike:

=WORKDAY.INTL(A2,1,11,Sikukuu!$A$2:$A$25)

Zile alama za dola ni za lazima. Bila hizo, ukivuta fomula, orodha ya sikukuu nayo inateleza kwenda chini na sikukuu za mwanzo zinaachwa nje bila wewe kujua.

Aprili 2026 ni kipimo kizuri cha kujua kama umeipatia. Baada ya tarehe 2, Alhamisi, shiti iruke Ijumaa Kuu iende tarehe 4, Jumamosi. Baada ya hapo Pasaka, Jumatatu ya Pasaka na Karume zimefuatana, kwa hiyo tarehe inayofuata lazima iwe 8. Ukiona 5, 6 au 7, kagua orodha yako.

Angalizo: WORKDAY haiichunguzi tarehe ya kwanza. Ukiandika 1/1/2026 kwenye A2, itabaki hapo hapo ingawa ni sikukuu. Anza na tarehe ambayo kweli mnafungua.

Siku mbili kwa wiki: mzigo wa Ukerewe

Tuseme unapeleka bidhaa Nansio kila Jumanne na Ijumaa. Ukivuta kwa kawaida hutafika, kwa sababu kutoka Jumanne hadi Ijumaa ni siku tatu, na kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni siku nne. WORKDAY.INTL inalimudu hili vizuri sana. Badala ya 11, unaipa tarakimu saba ndani ya alama za nukuu, moja kwa kila siku kuanzia Jumatatu. Sifuri ni siku ya kazi, moja ni siku ya mapumziko:

=WORKDAY.INTL(A2,1,"1011011")

Isome hivi: Jumatatu hapana, Jumanne ndiyo, Jumatano hapana, Alhamisi hapana, Ijumaa ndiyo, Jumamosi na Jumapili hapana. Ukianzia Jumanne 6/1/2026 utapata 9, 13, 16, 20 na kuendelea. Anayekwenda gulioni kila Jumatano na Jumapili atapanga zake "1101110". Ukiielewa hii, ratiba yoyote ya wiki unaweza kuitengeneza, iwe zamu za walinzi, siku za kliniki au mazoezi ya kwaya.

Mwisho wa mwezi, na mtego wa tarehe 31

Marejesho ya mikopo yana ugumu wake. Mkopo umetolewa 31 Januari na marejesho ni kila mwisho wa mwezi. Fomula ya kusogeza mwezi ni EDATE, na wengi huandika =EDATE(A2,1) kwenye A3 kisha wakavuta. Kinachotokea: 31 Januari inafuatwa na 28 Februari, jambo ambalo ni sahihi, lakini Machi inakuja 28, Aprili 28, na hivyo hivyo mwaka mzima. Kila mstari unautazama uliotangulia, na Februari imeshakata siku tatu ambazo hazirudi.

Kwa mwisho wa mwezi tumia EOMONTH. Kwenye A3 andika:

=EOMONTH(A2,1)

Utapata 28 Februari, 31 Machi, 30 Aprili, bila kosa. Kama tarehe ni 29 au 30 na unataka kubaki karibu nayo kadiri mwezi unavyoruhusu, hesabu kila mstari kutoka kwenye tarehe ya mkopo yenyewe:

=EDATE($A$2,ROW()-ROW($A$2))

Hapo kila rejesho linaitazama A2 moja kwa moja, na Februari haiwezi kuharibu Machi. Kwa mkopo wa watu, tofauti ya siku tatu inaweza kuwa faini, na faini isiyo halali ni ugomvi. Ndiyo maana nasisitiza.

Vikundi vingine vinakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Kwenye A2 weka 1/1/2026, na kwenye A3 =EDATE(A2,1), uivute mpaka Desemba. Hapa EDATE haina mtego, kwa sababu kila mwezi una tarehe mosi. Kwenye B2 andika:

=A2+MOD(7-WEEKDAY(A2),7)+7

WEEKDAY inatoa 1 kwa Jumapili mpaka 7 kwa Jumamosi. Sehemu ya MOD inatafuta Jumamosi ya kwanza, na ile +7 inakupeleka kwenye ya pili. Januari itatoa tarehe 10. Agosti itatoa tarehe 8, ambayo ni Nane Nane, kwa hiyo kikundi kiamue mapema kama kitakutana au kitahamisha.

Kalenda ya dagaa: giza na mbalamwezi

Wavuvi wa dagaa wanafuata mwezi wa angani zaidi ya ule wa ukutani. Dagaa wanavutwa kwa taa usiku, na taa inafanya kazi vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikikolea, mwanga wa taa unapotea kwenye mwanga wa mwezi, na kambi nyingi zinapumzika siku kadhaa, watu wakishona nyavu na kutengeneza injini. Tajiri mwenye mitumbwi, mnunuzi anayesubiri mzigo, hata mama lishe wa mwaloni, wote mapato yao yanapanda na kushuka na giza. Shiti inayofuata Jumatatu na Ijumaa peke yake haiwasaidii sana.

Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni wastani wa siku 29.53. Mwezi mpevu wa kwanza wa 2026 ulikuwa Jumamosi, 3 Januari, mchana kama saa saba kwa saa za Tanzania. Kwenye H1 andika 3/1/2026 13:00, kwa kuwa kompyuta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Kwenye H2 andika =H1+29.530588 na uvute mpaka H13. Utaona 2 Februari, 3 Machi, 2 Aprili, 1 Mei, 31 Mei na kuendelea.

Kisha kwenye orodha yako ya siku 365, mbele ya kila tarehe, weka:

=IF(ABS(MOD(A2-$H$1,29.530588)-14.765)>10.5,"Mbalamwezi","Giza")

Fomula inahesabu siku zilizopita tangu mwezi mpevu, na zile zilizo karibu nao, kama siku nne kabla na nne baada, inaziita mbalamwezi. Kambi yako ikipumzika siku nyingi zaidi, punguza 10.5 iwe 9.5. Ikipumzika chache, iongeze iwe 11.5.

Ni hesabu ya wastani, na mwezi hautembei kwa wastani. Mwishoni mwa Juni 2026 fomula inaonyesha tarehe 29, lakini kwa saa za Tanzania mwezi unafikia upevu usiku wa kuamkia tarehe 30. Kwa kupanga mafuta, barafu na fedha ya ununuzi, tofauti hiyo haina madhara. Ila mwezi mpevu ukishaujua kwa uhakika, andika tarehe yake kwenye H1 mara moja kwa mwaka, hesabu isitangulie mbali.

Majina ya siku kwa Kiswahili

Shiti inayosomwa na kikundi iandike Jumatatu, isiandike Monday. Kwenye safu ya pembeni weka:

=CHOOSE(WEEKDAY(A2),"Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa","Jumamosi")

Inafanya kazi kwenye programu zote tatu, na pia ni njia nzuri ya kugundua makosa: ukiona Jumapili kwenye shiti ya watu wasiofanya kazi Jumapili, kuna fomula imeharibika.

Anayetaka kuandika Jumatatu na kuvuta tu ajue kwamba Excel haina orodha hiyo mpaka uifundishe. Ingia File, Options, Advanced, shuka mpaka Edit Custom Lists, andika siku saba kwa mpangilio, bonyeza Add. Fanya hivyo hivyo kwa miezi, Januari hadi Desemba. Kuanzia hapo ukivuta Jumatatu, inafuata Jumanne. Orodha hiyo inakaa kwenye kompyuta husika, kwa hiyo ukihamia nyingine uiandike tena.

Ukiwa na simu tu

Wengi wana simu pekee, na inawezekana. Kwenye Google Sheets andika tarehe mbili za mwanzo, gusa ya kwanza, vuta vile vidoti vya pembeni mpaka uchague tarehe zote mbili pamoja na seli tupu unazotaka zijazwe. Gusa eneo ulilochagua ili menyu itokee, kisha chagua Autofill. Kwenye Excel ya simu gusa seli, gusa tena, chagua Fill, halafu vuta. Kwa orodha ndefu SEQUENCE ni rahisi zaidi kwenye simu, kwa sababu unaandika seli moja na kidole kinapumzika.

Zigandishe tarehe kabla ya kuingiza data

Fomula ni nzuri wakati wa kutengeneza shiti. Ukishaanza kuandika mauzo pembeni yake, zinageuka hatari. Mtu akipanga orodha kwa jina la mteja, au akifuta mstari mmoja katikati, tarehe zilizofungamana zinabadilika au kutoa #REF!, na mauzo ya Jumanne yanajikuta kwenye Alhamisi.

Kwa hiyo mara shiti ikishakamilika, chagua safu nzima ya tarehe na safu ya majina ya siku, bonyeza Ctrl na C, kisha ubandike thamani peke yake mahali pale pale. Google Sheets ni Ctrl, Shift na V. Excel bofya kwa kitufe cha kulia, chagua Paste Special, halafu Values. Ukibofya seli na kuona 15/01/2026 juu kwenye upau badala ya fomula, zimeganda.

Kwanza, hata hivyo, nakili shiti yenye fomula na uiite Mama. Iache bila data yoyote. Desemba ikifika utaifungua, utabadilisha tarehe moja, utabadilisha mwaka kwenye orodha ya sikukuu, utarekebisha Pasaka, Idi na mwezi mpevu, utainakili na kuigandisha kwa ajili ya mwaka unaoanza. Na usitumie =TODAY() kuandika tarehe ya mauzo, kwa sababu kesho itasoma kesho. Tarehe ya leo isiyobadilika unaipata kwa kubonyeza Ctrl na nukta mkato.